Kwizi Niliyomfanyia Dada

Likizo ndefu iliyopita nilimfanyia dada yangu kwizi ya shahada ya uzamili. Hakuniomba. Nalisema hili kwa aibu, lakini nalisema kwa sababu humu chuoni wengi wetu tunafanya yale yale, halafu tunayaita kusaidiana.

Dada ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya. Anasoma uzamili wa sayansi ya maabara tiba kwa njia ya mtandao, na chuo chenyewe kipo Marekani. Ada anailipa kwa mkopo wa SACCOS. Kabla hajatuma hata shilingi, alihakikisha kwanza kwamba shahada hiyo itatambuliwa na TCU. Mimi nilimcheka. "Dada, maabara kwa bando? Nani alijifunza kuogelea kwa kuangalia simu?" Maneno ya ajabu kutoka kwa mtu anayesomea ualimu, katika nchi yenye Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992! Walimu wangu wawili wa sekondari walipata digrii zao huko huku wakitufundisha sisi.

Alinijibu bila kukasirika. "Programu yetu haichukui mtu ambaye hajawahi kushika sampuli. Kutoa damu na kuipaka kwenye kioo nilishajifunza zamani. Huku nasoma usimamizi wa maabara, udhibiti wa ubora, takwimu, vipimo vya vinasaba. Maabara yangu ya vitendo ni hii hii ninayoingia zamu." Jambo moja alilikubali: picha ya chembe za damu kwenye skrini inakuonyesha kile ambacho mwalimu ameshakiona, wakati kwenye darubini unatafuta mwenyewe. Kwa hiyo kila somo lenye picha alikuwa akilirudia kazini, kwa macho yake.

Sasa usiku wenyewe. Kwizi ya wiki ilikuwa inafungwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za huko, yaani kwetu saa 12:59 asubuhi. Dada alirudi zamu saa tatu usiku, akala kiporo, akakaa mezani na laptopu. Saa kumi na moja alfajiri niliamka kwenda chooni nikamkuta amelala palepale, shavu juu ya daftari. Kengele ya simu ilishalia na kunyamaza. Nilimwonea huruma. Badala ya kumwamsha, nikaivuta laptopu taratibu, nikafungua kwizi. Ukurasa ulikuwa wazi, hata nywila haikuhitajika. Maswali kumi. Mengine nilitafuta Google, mengine nilibahatisha. Nikapata 8. Nikajiona shujaa, nikaenda kupika chai.

Alipoamka nikamwambia kwa furaha. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Swali la sita ulijibu nini?"

Swali la sita lilihusu chati ya Levey na Jennings, ambayo maabara zinaitumia tangu miaka ya 1950. Kila asubuhi, kabla ya sampuli za wagonjwa, mashine hupewa sampuli ya udhibiti ambayo kiwango chake kinajulikana. Jibu la mashine linawekwa kama nukta kwenye chati. Katikati upo mstari wa wastani, na juu na chini ipo mistari ya michepuko sanifu miwili na mitatu. Swali lilisema: nukta kumi mfululizo zipo juu ya wastani, ila hakuna iliyovuka mstari wa pili. Ufanye nini?

Nilijibu: endelea na kazi, yote yapo ndani ya mipaka.

"Umekosa," alisema. Akanionyesha picha kwenye simu, chati ya mashine yao ya kupimia sukari. Nukta zilikuwa zimejipanga juu ya wastani kama ndege kwenye waya, kumi, zote ndani ya mipaka. "Mashine ilikuwa inaniambia kila kitu sawa. Lakini nukta kumi upande mmoja siyo bahati mbaya. Ni moja ya kanuni ambazo Westgard na wenzake walizichapisha mwaka 1981. Jana nimesimamisha kipimo cha sukari, watu wakanung'unika kweli. Tulikuwa tumefungua boksi jipya la vitendanishi bila kufanya kalibresheni upya." Akanieleza kwamba mtu akipimwa hajala, mpaka wa kuambiwa ana kisukari ni 7.0. Mwenye 6.8 angeweza kusomeka 7.1, akarudi nyumbani na ugonjwa asio nao.

Mimi nimesoma takwimu za upimaji mwaka wa pili. Mchepuko sanifu naukokotoa hata usingizini, na nilipata A. Nukta zile sikuzielewa.

Asubuhi hiyo hiyo dada alimwandikia mwalimu wake na kumweleza ukweli wote. Nilimsihi asitume. Nilimwambia nani atajua, nikamkumbusha deni la SACCOS. Akatuma. Tulikaa siku mbili bila jibu, na sijawahi kuona siku ndefu kama zile, maana angeweza kufukuzwa kwa kosa langu. Jibu lilipokuja, alipewa sifuri na onyo la maandishi, likirudiwa anaondolewa. Mtihani wa mwisho aliufanya mbele ya kamera, akafaulu kozi kwa B. Anaamini ingekuwa A. Hajawahi kunisimanga, na hilo ndilo linaloniuma.

Muhula huu kwizi ya Upimaji na Tathmini ilipofunguliwa kwenye mfumo wa chuo chetu, haikupita robo saa majibu yakatua kwenye grupu la WhatsApp. Wenzangu mnalijua grupu hilo. Sikuyafungua, na siyo kwamba nimekuwa mtakatifu. Nilikuwa naziona zile nukta kumi. Nilipata 6 kati ya 10, wakati karibu kila mtu kwenye grupu alipata 10.

Nilimpigia dada kumweleza. Nilitegemea anisifu. Alikuwa zamu, nyuma yake nasikia mashine zinalia.

"Hayo manne uliyokosa ni yapi?" akauliza.

Nikamtajia moja baada ya jingine.

"Basi hayo kayasome kabla hujaenda BTP, mdogo wangu," akasema. Akakata simu, sampuli zilikuwa zinamsubiri.