Rabai, alipokaa Rebmann miaka 29

UKITOKA Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, upite Changamwe na Miritini, utafika Mazeras, mahali pa malori mengi na wauza madafu. Hapo unaiacha lami ya Nairobi, unashika njia iendayo Kaloleni, na baada ya mwendo mfupi wa matatu katikati ya minazi unashushwa Rabai. Safari nzima ni kama kilomita 25. Aghalabu sisi watu wa bara tunaokwenda pwani kwa likizo huipita njia panda hiyo tukisinzia, mawazo yametangulia baharini.

Mimi nilipelekwa Rabai na mahubiri. Katika kanisa moja jijini Nairobi, mhubiri alituambia kwamba Mkristo mwenye imani thabiti haugui wala hafilisiki. Kando yangu aliketi jirani yangu, mama ambaye mumewe alikuwa ameachishwa kazi, na mtoto wao amelazwa hospitalini mwezi huo huo. Nilimwona akiinamisha kichwa kama mtu aliyeshtakiwa mbele ya umati. Tulipotoka nje sikuwa na la kumwambia.

Pale Rabai lipo kanisa dogo la kale ambalo tangu 1994 ni jumba la makumbusho. Karibu nalo zimo nyumba walizoishi wamishonari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, na kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Paulo. Ni pahali patulivu mno. Usitarajie makubwa, mtoto wa jijini aliyezoea skrini huenda akauliza mnaondoka saa ngapi.

Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, aliwasili Mombasa mwaka wa 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga wa kike naye akafa. Kaburi la mama huyo liko Mkomani, Nyali, ng'ambo ya kisiwa. Krapf hakuomba arudishwe kwao. Rebmann alipomfuata mwaka wa 1846, wote wawili walihamia Rabai wakiwa wanatetemeka kwa homa.

Hapa yafaa nitaje jambo ambalo vitabu vingi hulipitia juu juu. Wageni hao hawakuingia Rabai kwa nguvu. Walipokelewa na wazee wa kaya, wenye mila na ibada zao, ambao wangeweza kabisa kuwafukuza. Misitu ya kaya za Rabai ingalipo, na mwaka wa 2008 UNESCO iliiweka pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Naona wazee wale nao walikuwa na unyenyekevu wao, ingawa hakuna aliyewajengea mnara.

Je, mavuno ya wamishonari yalikuwaje? Haba! Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu maskini, aliyepewa ubatizo na Rebmann akiwa karibu kukata roho. Hakuwa chifu, wala hakuleta kijiji kizima nyuma yake. Krapf alikuwa ameketi naye kibandani kwake wakizungumza usiku kucha. Wa pili, Abe Gunja, alibatizwa baada ya miaka mingi pamoja na mwanawe Nyondo, wakaitwa Abraham na Isaac. Wenzao wa Ulaya nao walikuwa wakizikwa: Wagner mwaka wa 1849, Pfefferle mwaka wa 1851.

Rebmann ndiye Mzungu aliyeandika habari za theluji ya Kilimanjaro baada ya kuiona tarehe 11 Mei 1848, katika safari aliyoifanya bila silaha, mkononi ana mwavuli tu. Huko London msomi Cooley alimcheka: theluji karibu na Ikweta! Hata zilipokuja safari za Baron von der Decken za 1861 na 1862 kuthibitisha, Rebmann alikuwa angali Rabai akifundisha watu wachache.

Mwaka wa 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki. Mkewe Emma, aliyeishi naye pale zaidi ya miaka kumi, alifariki mwaka wa 1866. Macho yake yakaanza kufifia. Kazi aliyoishikilia ilikuwa ya kuokota maneno. Kwa miaka alikuwa ameketi na mtumwa aitwaye Salimini, mtu wa nchi iitwayo Malawi siku hizi, akijifunza lugha yake neno kwa neno; mwalimu ni mtumwa, mwanafunzi ni kasisi. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka wa 1877, mwandishi akiwa amekwisha kufa.

Sisemi alikuwa malaika. Wapo waliomlaumu kuwa mkaidi, amejifungia na kamusi zake ilhali misheni inadorora, na sidhani walikosea kabisa. Lakini alikaa miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja. Alipoondoka mwaka wa 1875 alikuwa kipofu, na aliyefuatana naye hadi Ujerumani ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Alifariki mwaka uliofuata.

Nilirudi Nairobi kwa basi la usiku, nikiwa na madafu mawili ya jirani yangu. Nilimsimulia habari hizi akiosha vyombo. Hakusema kitu juu ya Krapf wala mlima. Nilipofika penye upofu aliacha kuosha.

"Imani yake ilikuwa ndogo?" akauliza.

"Wewe waonaje?"

Alifikiri kidogo. "Na huyo Nyondo alikwenda naye mpaka mwisho?"

"Mpaka Ujerumani."

Akajifuta mikono kwa leso. "Basi dada, kesho nisindikize hospitalini. Nimechoka kwenda peke yangu."

Tulipanda matatu ya saa moja asubuhi, dafu moja likiwa mfukoni kwa ajili ya mtoto.