Tulirudi Sheffield, mji wa vilima kama Bukavu yetu

Tangu turudi, wengi wenu mnatuuliza: «Mlienda kufanya nini Ulaya? Mmeona nini?» Hatuwezi kupita nyumba kwa nyumba, basi tunawaandikia hapa, sisi wawili pamoja.

Mnajua kwamba mwaka 2011 tuliishi Sheffield, kule Uingereza, tulipokuwa tunafuata masomo. Mwezi wa tano tulipata nafasi ya kurudi kwa majuma mawili. Tulivuka Ruzizi, tukashika gari mpaka Kigali, tukapanda ndege mpaka London, na kutoka pale treni, karibu saa mbili. Katika mizigo tulibeba unga wa muhogo, sambaza kavu, na kikwembe kimoja cha zamani. Kikwembe hicho ndicho kilichotupeleka hasa. Tutakirudilia.

Sheffield imejengwa juu ya vilima. Mtu wa Bukavu hapati shida kule: unapanda, unashuka, kama anayetoka Kadutu kwenda Nguba. Mji huo ulijulikana dunia yote kwa sababu ya chuma na visu. Mwaka 2007 ulikuwa mji wa kwanza katika Uingereza kujitangaza kuwa mji wa kimbilio kwa wakimbizi. Dereva wa basi kule anaweza kumwita mwanamke yeyote «mpenzi». Zamani, mara ya kwanza, tulikasirika tukidhani anatutongoza! Kumbe ni salamu tu. Safari hii tulipoitwa hivyo, tulicheka na kuona kweli tumefika.

Siku ya kwanza tulikimbilia soko letu la zamani, Castle Market, mahali tulipokuwa tunanunua samaki na miguu ya nguruwe kwa bei ya mwanafunzi. Hatukulikuta. Lilifungwa mwaka 2013, kisha likabomolewa. Wauzaji walipelekwa upande mwingine wa mji, katika soko jipya la Moor. Tulienda kuliangalia. Ni safi, lina mwanga, na ndizi za kupika zipo. Lakini tulisimama pale kama wageni, tukitafuta nyuso tulizozijua.

Jirani yetu wa zamani, bibi Mwingereza, bado yuko hai. Siku hizi anatembea na fimbo. Alitukumbatia mlangoni, akaweka maji ya chai motoni kabla hata ya kuuliza habari. Kesho yake akataka tumsindikize mjini, mpaka Barker's Pool, atuonyeshe kitu ambacho hakikuwako wakati wetu. Ni sanamu ya wanawake wawili wa shaba, wameshikana mikono, wamevaa nguo za kazi. Iliwekwa mwaka 2016. Inaheshimu wanawake waliofanya kazi katika viwanda vya chuma wakati wa vita vikuu viwili, wanaume walipokuwa mbele ya adui. Mama yake bibi huyu alikuwa mmoja wao. Aliendesha mashine ya kuinua vyuma vizito. Vita ilipokwisha waliambiwa warudi nyumbani, kwani wenye kazi wamerudi. Miaka mingi ikapita bila mtu kuwashukuru. Mwishoni ni wanawake wenyewe, wakiwa wamezeeka, waliosimama na kudai wakumbukwe. Bibi aligusa mkono wa sanamu, akasema mama yake hakuiona. Tulifikiri juu ya wamama wetu wanaobeba mizigo mgongoni, wanaolisha mji mzima. Nani anawaandika?

Sasa tuje kwenye kikwembe. Rafiki yetu mkubwa kule ni mzaliwa wa Kadutu, anakaa mtaa wa Burngreave. Mama yake alipofariki hapa Bukavu, yeye alikuwa angali anangoja jibu la ukimbizi. Mtu anayengoja jibu hilo akitoka Uingereza, ombi lake linahesabiwa kuwa limeachwa. Basi alilia matanga peke yake, simu mkononi. Sisi tulikuwa hapa, tulilala kwenye kilio. Familia ndiyo iliyotupa kikwembe cha marehemu tumpelekee.

Ndani ya treni tulikuwa tumebishana. Tulijua atatuuliza kama mama yake alimwita. Mmoja wetu alisema tumfiche, asiumie zaidi. Mwingine akasema: amekuwa mbali na kila kitu, tukimnyima na ukweli, atabaki na nini?

Jioni tulisonga bukari, tukala. Watoto walipokwenda kulala, akakifungua kikwembe, akanusa. Kisha akauliza. Tulimwambia yote: nani alimwosha mama, nani alipika, nani alichelewa. Ndiyo, mama alimwita kila siku, na akauliza kwa nini haji. Lakini pia kila aliyeingia chumbani alionyeshwa chupa za dawa: «Binti yangu ndiye ananinunulia.» Rafiki yetu alilia mpaka sauti ikakauka. Halafu akacheka, akasema: «Mama na majivuno yake!» Asubuhi alituambia kwamba ni usiku wa kwanza amelala bila kuamka tangu msiba.

Binti yake wa miaka kumi na mitano, anayejibu Kiswahili kwa Kiingereza, alitukuta jikoni. Aliuliza bibi yake alikuwa anasema namna gani, yaani sauti yake. Hapo tulikosa jibu. Hakuna aliyekuwa ameihifadhi.

Wamama, hilo ndilo tulilorudi nalo. Soko linabomolewa, mtu anaondoka, na sanamu inakuja wakati mwenyewe hayupo. Kwa hiyo tunawaomba jambo dogo: juma hili, chukua simu yako, keti karibu na mama yako au bibi yako, umwombe asimulie alivyozaliwa, alivyoolewa, alivyokulea. Urekodi. Na kama una mtoto au ndugu aliye mbali, umtumie.

Siku ya posho, kwenye mkutano wetu, mtatuambia mlivyofanya. Sisi tumekwisha kuanza na mama zetu. Mmoja alikataa kusema mpaka avae kitambaa kizuri kichwani.