Mfuko wa sabuni

Mama mmoja katika wodi ya wazazi alipoona sare za polisi mlangoni, alivuta kanga akamfunika mtoto. Mumewe alikuwa mahabusu tangu juzi.

Wageni walikuwa wa TPF-Net, mtandao wa polisi wanawake Tanzania. Walikuwa wamechangishana wakanunua sabuni, nepi na mafuta ya watoto. Ziara za namna hii nyingi huishia kwenye picha, si siri.

Koplo mmoja akaketi kando ya kitanda. “Hongera, mdogo wangu. Umepata nani?”

“Afande, mume wangu atatoka lini?”

Koplo hakuwa na jibu. Kituo kile hakikuwa chake. Akaandika jina la mume, akaacha namba yake ya simu juu ya mfuko wa sabuni. Picha ya pamoja ilipopigwa, bado alikuwa amempakata mtoto.