Namba ya Uhakiki na Sauti ya Manju

Mhariri wa utenzi wa pwani akikuta kipande chenye mizani 7 mahali pa 8, hutambua mara moja kwamba pana upungufu, ijapokuwa hesabu hiyo haimwambii ni silabi ipi iliyodondoka. Tendi za nanga za Wahaya, ambazo M. M. Mulokozi alizichunguza katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hazina mlinzi wa namna hiyo. Manju hughani huku akipiga nanga, na kila aghanipo maneno hupungua au huongezeka kwa kadiri ya hadhira na wasaa. Kwa hiyo, rekodi ikipotea, kumrudia manju huyo huyo ni kupata utendaji mwingine. Na ikiharibika, hakuna idadi ya silabi itakayomwonya mhariri.

Kazi hiyo ya kuonya sasa hufanywa na namba ya uhakiki, ambayo mafundi huiita cheksamu. Kompyuta hulipitia faili zima na kulifupisha kuwa mfuatano wa tarakimu na herufi: 32 kwa kanuni ya MD5, iliyochapishwa mwaka 1992, na 64 kwa kanuni ya SHA-256. Biti moja tu ikigeuka, mfuatano wote huwa mwingine. Nayo, kama mizani, husema kwamba pana tofauti bila kuonyesha ilipo.

Chukua mfano wa mtafiti aliyemrekodi manju huko Buhembe, katika Manispaa ya Bukoba, kwa sampuli 96,000 kila sekunde, biti 24 na chaneli mbili. Saa moja ya rekodi hiyo ni takriban gigabaiti 2. Akiipakia katika hifadhi kwa njia ya intaneti na kujibiwa kwamba namba hazilingani, huwa mwepesi wa kuulaumu mtandao. Lakini lawama hutakiwa kufuata uchunguzi.

Kwanza, ahakikishe kuwa pande zote mbili zimetumia kanuni moja. Pili, alihesabu upya mara mbili faili lililoko kwake. Majibu mawili yakihitilafiana ilhali faili halikuguswa, ugonjwa umo katika diski, waya au kumbukumbu ya kompyuta, na kupakia tena hakutauponya. Majibu yakiafikiana, tena yakilingana na namba ya awali, basi dosari imetokea njiani au huko lilikopokewa. Hapo na alinganishe ukubwa wa faili: lililofika likiwa dogo, upakiaji ulikatika, na dawa yake ni kulituma kwa vipande vinavyohakikiwa kimoja kimoja.

Sababu ya tatu haishukiwi upesi. Majibu huweza kuafikiana, lakini yakatofautiana na namba ya awali. Maana yake ni kwamba faili limebadilishwa baada ya kuhesabiwa, pengine na programu iliyoandika ndani yake jina la manju na tarehe. Sauti yaweza kuwa salama kabisa, lakini namba haipambanui jina lililoongezwa na ubeti uliopotea. Faili la aina ya FLAC husaidia hapa, kwa kuwa hubeba ndani yake namba ya MD5 ya sauti peke yake.

Aidha, kosa la hatari ni kunyamazisha onyo kwa kukokotoa namba mpya na kuitangaza kuwa ndiyo ya asili. Namba hulinda kile ilichokikuta: ikikuta uharibifu, itaulinda uharibifu huo kwa uaminifu ule ule. Kwa sababu hiyo, namba ya kwanza haina budi kukokotolewa siku ile ile ya kurekodi, iandikwe daftarini pamoja na jina la manju na mahali, na kadi ya kinasa sauti isifutwe mpaka hifadhi ijibu kwa namba iyo hiyo.