Docta alitaja dola 700, daftari likafika 1,770

Daftari ni la shule, lina jalada la buluu, na kwenye ukurasa wa kwanza kuna hesabu za mtoto ambazo hazikumalizika. Ukifunua nyuma yake ndipo unakuta mwandiko wa mama: tarehe, jina la kitu, feza. Anaishi katika moja ya kambi za wahami pembeni ya Kalemie, anauza makala kwa vifungu vidogo, na kwa muda wa karibu mwaka mzima aliandika humo kila alichoambiwa kuhusu taya la binti yake.

Walitoka upande wa Nyunzu mwaka 2017, wakati mapigano ya Watwa na Waluba yalipowatoa mamia ya maelfu ya watu vijijini mwa Tanganyika. Walifuata njia ya treni kwa miguu. Binti alikuwa na miaka sita, amekaa juu ya mzigo kwenye kinga. Kinga ikateleza, akaangukia kidevu juu ya mataruma ya reli. Kwenye kituo cha afya walimshona nyuzi chache, kidonda kikapona vizuri, na kila mtu akasahau. Hakuna aliyeangalia mbele ya masikio.

Hapo ndipo kosa lilipo, na wazazi wengi hawalijui. Mtoto akianguka kwa kidevu, nguvu ya pigo haibaki kwenye kidevu. Inapanda hadi kwenye kiungo cha taya, mbele ya sikio, na mfupa mwembamba wa pale unaweza kuvunjika bila ngozi kuonyesha chochote. Damu iliyovilia ndani ya kiungo, mtoto akikaa bila kufungua kinywa kwa sababu ya maumivu, polepole inageuka mfupa. Kiungo kinashikana. Hata usaha wa sikio usiotibiwa unaweza kuleta hali hiyo. Na kwa kuwa pale ndipo taya la chini linapokulia, taya linaacha kukua: uso unasonga mbele, kidevu kinabaki nyuma. Kipimo chake hakihitaji mashine. Mtoto mzima anaweza kusimamisha vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Huyu, alipofika miaka kumi na miwili, hakuweza kuingiza hata kimoja.

Alikuwa anakunywa uji na kufyonza sombe iliyopondwa sana. Bukari aliikata vipande vidogo kama maharage na kuvisukuma kwa kidole kupitia pengo la jino lililong'oka. Usiku alikoroma kama mzee, mara anatulia kabisa, kisha anashtuka kutafuta hewa. Watoto wa kambi walimpa jina la ndege. Mama alipoanza kuomba msaada kwa jamaa, kaka yake mkubwa alimjibu kwa simu kutoka Moba: «Dada yangu, hiyo ya kidevu ni mambo ya urembo. Tuko na vita, wewe unatafuta sura.»

Neno hilo, urembo, lilimgharimu mama miezi mingi. Tuseme ukweli, kaka hakulitoa hewani. Huko Marekani na Ulaya kuna watu wazima wenye afya wanaopasuliwa kidevu ili sura iwapendeze. Docta anaweka kipande cha silikoni juu ya mfupa, ao anakata mfupa wenyewe, anausogeza mbele na kuufunga kwa vyuma vidogo vya titani. Bei yake kwa kawaida inaanzia karibu dola 3,000 na inaweza kupita 8,000. Bima hailipi kitu cha urembo, kwa hiyo wengi wanakopa na kulipa kila mwezi. Tena bei inayotangazwa mara nyingi ni ya mkono wa docta peke yake. Dawa ya usingizi na chumba cha upasuaji vinakuja kwenye faktire nyingine. Mtu wa Chicago na mama wa kambi ya Kalemie wanaanguka katika shimo moja, ila wa Chicago ana kadi ya benki.

Lakini ufundi huo haukuanza kwa ajili ya urembo. Ulikua sana wakati wa vita ya 1914-1918, kwa askari waliovunjwa mataya na risasi na vipande vya makombora. Daktari Harold Gillies alipokea maelfu yao katika hospitali ya Sidcup, Uingereza. Ni vita ileile iliyoleta boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, hapa kwenye mdomo wa Lukuga mwishoni mwa 1915. Wazee wa Kalemie wanapenda kusimulia boti hizo. Za mataya hazisimuliwi.

Basi, bei. Kwa kupitia muuguzi mmoja mwenye roho nzuri, mama alipata simu ya docta wa taya huko Lubumbashi. Docta akasema dola 700. Mama akaandika 700, akaichora duara, na kwa wiki tatu alitembea akijua kwamba anatafuta 700. Ni yule muuguzi aliyemwambia: «Mama, rudi umuulize tena. Muulize ndani ya hiyo 700 kuna nini.»

Ndani kulikuwa na mkono wa docta na chumba, basi. Picha ya skana ya mifupa, 180. Usingizi, 200, na huo una sababu yake: mgonjwa asiyefungua kinywa huwezi kumpitishia mpira wa hewa mdomoni kama wengine, lazima upitie puani kwa chombo chenye taa ao kutoboa koo. Mahali pasipo na chombo hicho wala mtu wa kukitumia, upasuaji huo haufanywi, hata docta awe hodari namna gani. Ndiyo maana safari ilikuwa lazima. Dawa na vifaa, 120. Safari ya watu wawili kwenda na kurudi, 320, kwa treni inapotembea na magari ya mizigo isipotembea. Chumba na chakula kwa wiki tano, kwa maana mlinzi wa mgonjwa naye anakula, 250. Jumla iko chini ya ukurasa, imepigiwa mistari miwili: 1,770. Ile 700 ya kwanza haifiki nusu.

Kabla ya kukopa, mama alibisha kwenye milango ya bure, na hilo alifanya vema. Milango ipo, ila kila mmoja una ufunguo wake. CICR inatibu bure waliojeruhiwa kwa silaha katika hospitali inazozisaidia. Huyu alianguka kwenye kinga. Smile Train inalipia watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka ao kaakaa lililo wazi, na mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo asiuze hata kuku kabla ya kuuliza. Huyu alizaliwa mzima. Mpango wa serikali wa afya kwa wote uliozinduliwa Kinshasa mwezi wa Septemba 2023 ulianza na uzazi na watoto wachanga. Kipengele cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya inahakikishwa. Binti alikimbia vita, akavunjika akikimbia, lakini hakuna orodha iliyokuwa na mstari wake.

Akabaki na njia za watu wote. Ile iliyomwokoa ni AVEC ya wanawake ishirini na wanne wa kambi na mtaa wa jirani, wanaoweka hisa kila Jumamosi ndani ya kisanduku chenye kufuli tatu. Kanuni inaruhusu mkopo hadi mara tatu ya akiba. Yeye alikuwa na 90, angeweza kuchukua 270. Wenzake walimshauri asichukue zote: mkopo wa AVEC unarudishwa kwa miezi mitatu na faida juu, na mtu aliye Lubumbashi hauzi makala. Alichukua 180, ya skana tu. Mfuko wa dharura wa kikundi ulimpa kidogo kisichorudishwa. Kanisa lilichanga Jumapili mbili. Kaka wa Moba, baada ya kutumiwa sauti ya mtoto akikoroma na kukatika pumzi, alinyamaza siku nne, kisha akauza mbuzi na kutuma 200 kwa M-Pesa bila kusema neno. Mtu mmoja alitaka picha ya binti ipigwe na kusambazwa kwenye simu ili feza zije haraka. Binti alikataa. Mama akamfuata binti, na feza zikachelewa. Bado walikuwa na haki.

Kilichobaki kilipatikana kwa kuuliza mapema. Karibu miezi miwili kabla ya kusafiri, mama alimwomba muuguzi apige simu kwa huduma ya jamii ya hospitali na kueleza hali yao. Walikubali sehemu ya faktire ilipwe kwa awamu, na makubaliano yakaandikwa. Anayeomba hivyo baada ya kupasuliwa anaomba akiwa tayari ndani ya uzio. Wagonjwa waliopona lakini wanazuiliwa wodini kwa ajili ya deni si habari ngeni katika inchi hii. Mama alimkuta mmoja kwenye kitanda cha jirani, amepona zamani, anafagia wodi akisubiri ndugu.

Kipande cha mfupa kilichoshikana kilikatwa. Kesho yake asubuhi kazi ya binti ikaanza, nayo haina bei: vijiti vya mbao bapa, kama vile docta anavyokandamizia ulimi, vinapangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno, mara tano ao sita kwa siku, kwa miezi. Inauma sana. Akiacha, mfupa unashikana upya na dola 1,770 zinakwenda na maji. Mwanzoni vijiti sita. Waliporudi Kalemie, kumi na moja. Siku aliyofikisha kumi na tano alikula ndakala wa kukaanga na kichwa chake, mbele ya watoto wote, taratibu.

Kidevu bado kiko nyuma. Docta alieleza kwamba kukisogeza mbele ni upasuaji wa pili, baada ya mifupa kumaliza kukua, kwenye miaka kumi na saba ao kumi na minane, na kwamba kunaweza kusaidia pumzi ya usiku pia. Safari hii neno urembo limerudi, na linatoka hata kwa wale waliochanga. Mtoto anakula, wanasema, anataka nini tena? Binti, ambaye sasa anaongea sana kuliko zamani, anajibu kwamba anataka kidevu.

Mama hajawajibu. Bado anadaiwa na hospitali awamu mbili. Lakini kwenye daftari la buluu kuna ukurasa mpya. Juu kumeandikwa «mara ya pili», chini yake mistari sita: docta, skana, usingizi, dawa, safari, chakula. Upande wa feza bado ni mweupe.