Mtu Hujikuna Ajipatapo: Kuchagua Mimea ya Tangi la Uduvi

Wahenga walinena kuwa mtu hujikuna ajipatapo. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwasa mwenye tamaa ya mali. Hata hivyo, ukweli wake hudhihirika pia katika mambo madogo, mathalani kuchagua mmea wa kutia katika tangi la kioo. Anayefuga uduvi katika chumba cha kupanga huko Kangemi au Kawangware hana budi kuizingatia, kwani mwangaza, kama ilivyo fedha, haukugawiwa watu wote kwa kipimo kimoja.

Tumchukue mwanafunzi mmoja wa Kiswahili aliyepanga chumba Kangemi. Dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, nao ukuta huo hauko mbali. Juu ya meza, kando ya vitabu vya fonolojia na ushairi, ameweka tangi la lita 20 lenye uduvi kumi wekundu. Fedha za kununulia mimea alizidunduliza kutoka kwa nauli: kwa majuma kadhaa alikuwa akishuka matatu Westlands na kumalizia safari ya chuoni kwa miguu. Kwake yeye, kuchagua vibaya si hasara ya mapambo tu, bali ni jasho la majuma hayo yote kuozea majini, pengine pamoja na uhai wa viumbe aliowatwaa awatunze.

Neno uduvi lenyewe lina safari yake. Mpwani alisikiapo, hukumbuka kitoweo kilichoanikwa juani. Ziwa Viktoria nalo lina uduvi wake wasiohitaji maji ya chumvi, ambao wanasayansi huwaita Caridina nilotica. Wale wafugwao matangini kwa ajili ya urembo asili yao ni Asia ya Mashariki, na rangi yao nyekundu ni tunda la wafugaji waliowateua kizazi baada ya kizazi. Wote hao huambua gamba kila wanapokua. Uduvi aliyetoka kuambua huwa laini na dhaifu, naye hutafuta maficho. Wachanga nao hujilisha utando wa vijidudu unaoota juu ya majani. Kwa hivyo, mmea kwa uduvi ni nyumba, ngao na sahani ya chakula. Isitoshe, mimea hufyonza baadhi ya uchafu unaotokana na viumbe hao.

Je, ni mmea upi unaofaa? Katikati ya jiji, muuzaji mmoja wa samaki wa mapambo alimwonyesha mwanafunzi huyo mmea mfupi uliotanda kama zulia la kijani kibichi.

"Dada, huu ndio unaopendwa na wateja wote," alimwambia.

"Unahitaji mwanga kiasi gani, kaka?"

"Mwingi. Tena uutilie gesi ya kaboni ndipo utande hivi."

"Na ule uliojificha pale pembeni?"

Muuzaji alicheka. "Ule hukua polepole mno. Watu hawana subira nao."

Mwanafunzi aliuchukua ule wa pembeni, na kwa hakika hakukosea. Mmea huo ni anubiasi ndogo, ambao asili yake ni Kameruni, hapa hapa barani Afrika. Jina lake la kisayansi limetokana na Anubis, mungu wa wafu katika imani za Misri ya kale, na husemekana ulipewa jina hilo kwa kuwa hupenda kivuli. Ni wa jamaa moja na nduma zinazolimwa katika mabonde yenye majimaji, wala si ajabu kwamba jani lake ni gumu na lenye kung'aa. Huweza kukaa majuma kadhaa kabla ya kuchanua jani jipya. Polepole hiyo ndiyo fadhila yake: mmea usio na haraka hauhitaji mwanga mkali, wala haulijazi tangi dogo kabla ya muda. Sharti moja tu ni kuwa shina lake nene lisifukiwe changaraweni, la sivyo litaoza. Hufungwa juu ya jiwe au kipande cha gogo kwa uzi, na mizizi yake hushika yenyewe.

Wa pili ni kuvumwani wa Java. Huu hauna mizizi halisi. Hushikilia popote unapofungwa, na katika vishungi vyake uduvi wachanga hupata maficho na malisho. Wa tatu ni kangaga wa Java, ambaye huchipuza watoto kwenye majani yake mwenyewe. Kwa tangi la lita 20 ni bora kutafuta aina zake fupi, kwa maana zile za kawaida hurefuka na kuyasonga maji. Wa nne ni kriptokorini wa kimo kifupi, jamaa mwingine wa nduma, ambaye hupandwa changaraweni. Akihamishwa, huenda akapukutisha majani yote yakayeyuka. Asiyejua humng'oa na kumtupa, ilhali mizizi ingali hai na majani mapya yangechipuka kwa wakati wake.

Huenda msomaji akauliza: si afadhali kuinunulia mimea taa kali? Nairobi iko karibu sana na ikweta, na mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima. Hata hivyo, kati ya Juni na Agosti mawingu hutanda siku nyingi, na mwanga unaopenya baina ya majengo yaliyosongamana huwa haba. Taa ndogo inayowashwa kwa saa sita hadi nane yaitosha mimea iliyotajwa. Taa kali katika tangi lenye mimea ya polepole hunufaisha mwani, ambao huvamia majani na vioo. Gesi ya kaboni nayo ikizidi huweza kuyabadilisha maji ghafla na kuwadhuru uduvi. Fauka ya hayo, umeme unapokatika jioni nzima, mmea uliozoea kivuli hautaabiki.

Lipo pia jambo la sumu. Baadhi ya mimea ya kuuzwa hunyunyiziwa dawa za kuua wadudu, na kinachomuua mdudu humuua uduvi pia. Mbolea yenye shaba nyingi ni hatari vivyo hivyo. Mwenye hekima huuloweka mmea mpya katika ndoo kwa siku kadhaa, akibadilisha maji mara kwa mara, kabla ya kuutia tangini. Mwanafunzi wetu aliuweka mmea wake ndooni juma zima, na uduvi wake kumi wakasubiri wakiwa salama.

Hatimaye, uchaguzi wa mmea haukomi ukutani mwa chumba. Gugu maji lililotoka Amerika Kusini lilitanda juu ya Ziwa Viktoria katika miaka ya 1990, likafunga njia za wavuvi. Bwawa la Nairobi, lililoko baina ya Kibera na Lang'ata, nalo lilifunikwa nalo. Vijito vya magharibi mwa jiji huingia Mto Nairobi, nao huishia Mto Athi, ambao huitwa Sabaki ufikapo karibu na Malindi na kumiminika baharini. Mmea unaokua polepole hauna mengi ya kupunguzwa. Na hata kidogo kinachopunguzwa kikaushwe kabisa kabla ya kutupwa, kisimwagwe mtaroni.

Inafaa wapenzi wa Kiswahili watambue kuwa lugha yao imekwisha kuwa na maneno kuvumwani, kangaga na gimbi. Mwanafunzi yule huuita mmea wake wa Kameruni "gimbi kivuli", na jina hilo latosha kumkumbusha sharti lake. Mmea ulio bora ni ule utakaoishi katika mwanga uliopo, hata kama hausifiwi na wengi. Anayetaka kufuga uduvi, basi, na aupime kwanza mwanga wa chumba chake, kisha ndipo aende dukani.