Meno ya Maji ya Chai

Haya wadau, leo siasa zipumzike kidogo. Tuongelee meno.

Usicheke. Au cheka tu, maana kucheka ndiyo mada yenyewe. Pita Kinondoni siku hizi uhesabu vibao vya kung'arisha meno. Saluni iliyokuwa inasuka nywele na kupaka rangi kucha nayo imeongeza huduma: kaa hapa, fumbua mdomo, taa ya bluu, saa moja umekuwa mtu mpya. Huku kwetu Temeke mambo ni ya bei nafuu zaidi. Pale Tandika sokoni unauziwa unga wa mkaa kwenye kichupa, na muuzaji anakuapia kwamba ndani ya wiki utang'aa kama nyota wa filamu.

Mimi mada hii inanigusa pabaya. Nimezaliwa Maji ya Chai, Arumeru, pale kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi. Kama unaijua nchi yako, ukishasikia hivyo tayari umeyaona meno yangu. Ni ya kahawia. Ya mbele juu yana mistari iliyokatiza upande kwa upande, na mawili yana vishimo. Napiga mswaki asubuhi na usiku tangu nikiwa mtoto, lakini hapa Dar nimeshaulizwa kama natafuna mirungi, kama navuta bangi, na kama huko kwetu dawa ya meno imeshafika.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye usaili wa kusoma habari katika kituo kimoja cha televisheni ambacho sitakitaja. Nikasoma. Bosi mmoja akaisifia sauti yangu, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Mdogo wangu, wewe redio itakufaa zaidi." Redio naipenda na imenilisha. Lakini mwaka huu imetokea nafasi nyingine ya kuripoti mbele ya kamera, usaili ni mwezi ujao, na marafiki zangu wote wana ushauri mmoja: kang'arishe meno kwanza.

Basi nikafanya kazi ya mwandishi. Nikaenda kuuliza.

Daktari wa meno niliyemwona hakuanza na bei. Alianza na swali ambalo saluni hawakuuliza: hiyo rangi imetoka wapi? Akanieleza kwamba madoa ya meno yapo ya aina mbili. Yapo yanayokaa juu ya jino: chai, kahawa, sigara, ugoro, pamoja na ule ugaga unaoganda karibu na fizi. Na yapo yaliyo ndani ya jino lenyewe, yaliyoingia wakati jino linatengenezwa bado likiwa ndani ya taya. Mtoto aliyepewa dawa ya tetrasaiklini akiwa mdogo anaweza kuota meno ya kijivu au manjano. Na mtoto aliyekunywa maji yenye floraidi nyingi anaota meno kama yangu. Ugonjwa huo unaitwa florosisi. Si uchafu, na hakuna mswaki unaoweza kuusugua ukatoka.

Na hili halikuanzia kwetu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia na hakuna aliyejua sababu. Jibu lilikuja mwaka 1931, pale H. V. Churchill, mkemia wa kampuni ya alumini, alipoyapima maji na kukuta floraidi. Miaka 30 ya kutafuta! Kwetu sababu ni mlima. Miamba ya volkano kuzunguka Meru na Kilimanjaro ina floraidi, maji yanapita humo, sisi tunayanywa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Arumeru kuna vyanzo ambavyo vipimo vimewahi kupita 10. Ninyi mliokulia Dar mmekunywa maji ya Ruvu, na Ruvu haina tatizo hilo. Kwa hiyo ukimwona mtu wa Arusha ana meno ya rangi, jua kwamba hakukuzidi uchafu. Mlizidiana mto tu.

Sasa tuje kwenye huduma zenyewe, maana najua wengine mmefungua ukurasa huu kwa ajili hiyo.

Ya kwanza ni kusafishwa. Daktari anakwangua ugaga kwa mashine, kisha anasugua meno kwa unga laini. Kama shida yako ni chai na sigara, huenda ukaishia hapo, na ndiyo huduma ya bei ndogo kuliko zote. Rangi ya asili ya jino haibadiliki. Mimi nilisafishwa, na kahawia yangu ikabaki palepale, ila sasa ikiwa safi kabisa.

Ya pili ni kung'arisha kwa dawa. Dawa yenyewe ni peroksaidi, ambayo inapenya kwenye ngozi ngumu ya jino na kuvunjavunja zile chembe za rangi. Kliniki wanatumia ile kali, mara nyingi haidrojeni peroksaidi ya asilimia 25 hadi 40. Fizi zinafunikwa kwanza ili zisiungue, dawa inapakwa, inafutwa, inapakwa tena, na kwa saa moja au moja na nusu umemaliza. Kuhusu ile taa ya bluu, tafiti nyingi hazijaona kwamba inaongeza kitu cha maana kwenye matokeo ya mwisho. Inapendeza kwenye picha.

Ya tatu ni hiyohiyo lakini ya nyumbani, na madaktari wameizoea tangu ilipoandikwa mwaka 1989. Unachukuliwa umbo la meno, unatengenezewa kifuniko cha plastiki laini kinachokukaa sawasawa, unapewa dawa ya nguvu ndogo, kwa kawaida kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10. Unalala nayo kwa wiki mbili hivi. Kwa meno ya tetrasaiklini inaweza kuchukua miezi. Ni ya taratibu, lakini inafika kulekule na haikutesi sana.

Utegemee nini? Kwanza ganzi. Maji baridi yatakupiga kama umeme kwa siku kadhaa, halafu hali inatulia. Pili, siku mbili za mwanzo ukae mbali na chai, kahawa, mchuzi wa manjano na sigara. Tatu, jino lililozibwa au kuvikwa kofia halibadiliki rangi, hivyo unaweza kujikuta una meno meupe na kiraka cha manjano katikati. Nne, haidumu milele, rangi inarudi kidogokidogo na utarudia. Tano, jino lenye tundu litibiwe kwanza, la sivyo dawa ikiingia humo utaimba. Wajawazito wasubiri, na watoto wasiguswe.

Kwa sisi wa florosisi kuna la nne: kuparuliwa. Daktari anasugua jino kwa asidi haidrokloriki hafifu iliyochanganywa na unga mkwaruzo, anaondoa tabaka jembamba la juu, sehemu ndogo sana ya milimita, na kahawia nyingi inaondoka nalo. Baada ya hapo unaweza kung'arisha ili rangi zilingane. Uonywe mapema: dawa ya kung'arisha ikipita kwenye meno yenye mabaka meupe, mabaka hayo yanaweza kuwaka zaidi siku za mwanzo. Vishimo vinazibwa kwa dawa ya rangi ya jino.

La tano ndilo linalopendwa na mastaa: vinia, vile vigae vyembamba vya kauri vinavyobandikwa mbele ya jino. Vinaficha kila kitu. Lakini mara nyingi jino linapunguzwa kwanza, na ngozi ya jino ikishaondolewa haioti tena. Ukiingia umeingia, na vikichoka baada ya miaka utabadilisha kwa gharama zako. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nadhani waliwahi kuletewa bili.

Na saluni je? Nimekaa kwenye kiti kimoja cha saluni Kinondoni kama mwandishi, nikauliza dawa ni ya asilimia ngapi. Dada akanijibu kwa upole: "Hii ni ya kutoka nje." Sikufumbua mdomo. Ulaya sheria ya mwaka 2011 ilisema dawa inayotoa zaidi ya asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi isiuzwe kwa mtu yeyote tu. Hadi asilimia 6 inaanzwa na daktari wa meno, na haigusi aliye chini ya miaka 18. Hapa kwetu daktari wa meno anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa hiyo una haki ya kuuliza: wewe umesajiliwa? Dawa ni ipi na nguvu yake ni kiasi gani? Fizi zangu utazifunika na nini? Anayekasirika kuulizwa amekujibu. Na ule unga wa mkaa wa Tandika unafanya kazi kama msasa. Unakwangua ngozi ya jino, na chini ya ngozi hiyo kuna manjano zaidi.

Mpaka hapo nilikuwa napiga hesabu ya vinia sita. Ndipo daktari akauliza swali la pili, kama mtu anayesindikiza mgeni mlangoni: "Huko nyumbani kuna watoto wadogo?"

Yupo. Dada yangu ana binti wa miezi kumi na moja, palepale Maji ya Chai. Meno ya mbele ya utu uzima yanatengenezwa kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tatu au wa nne hivi, na mengine yanaendelea hadi miaka minane. Mtoto huyu anayatengeneza sasa hivi, kwa maji yaleyale. Kuchemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na floraidi inabaki palepale. Magadi tunayotia kwenye maharage yaive haraka nayo yana floraidi. Na meno ndiyo sehemu ya kuchekwa tu. Kwetu wapo watoto ambao miguu imepinda kwa sababu hiyohiyo, na hao hakuna wa kuwang'arisha.

Serikali haikuwa haijui. Mwaka 1974 kiliwekwa kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa sababu vyanzo vingine havikuwepo. Kikaja kushushwa hadi 4, na leo kiwango cha taifa ni 1.5. Pale Ngurdoto, jirani kabisa na kwetu, kuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi miaka mingi kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Utaalamu upo. Ila kiwango kikiandikwa kwenye karatasi hakibadilishi kinachotoka bombani siku hiyohiyo, na jino la mtoto halisubiri bajeti.

Kuna maji mengine yasiyohitaji mradi: ya mvua. Karibu hayana floraidi kabisa. Bei niliyotajiwa ya kinia kimoja inanunua simtank la lita 1,000 na mfereji wa bati, chenji ikabaki. Mtoto wa kupikiwa na kunyweshwa hamalizi lita 5 kwa siku. Lita 1,000 ni siku 200. Masika yakiisha mwezi wa tano, yanamfikisha kwenye vuli.

Basi nimeamua hivi. Simtank kwanza. Kinachobaki nitaparuliwa meno manne ya mbele, vishimo vizibwe, niende kwenye usaili na matokeo yoyote yatakayopatikana. Vinia sitaki. Kama bosi atasema tena redio itanifaa, atakuwa amesema.

Nimempigia dada kumweleza. Kwanza akacheka. "Mdogo wangu, sisi tumekunywa hayo maji na tuko hai." Halafu akasema mama mkwe wake hataki kusikia habari za maji ya mvua, anadai hayana ladha na mtoto atayakataa. Nikamwambia mtoto wa miezi kumi na moja hajui ladha ya maji bado, atazoea atakayopewa. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha.

"Lete hilo tanki," akasema. "Mama mkwe niachie mimi."

Tanki linaondoka na lori Jumamosi. Mlio na ndugu Arumeru, Hai, Siha na kote kule ukanda wa mlima, hebu leo pigeni simu, muulize mtoto anakunywa maji gani.